Gari la Mwalimu Sumari Nililoliponda kwa Mapenzi

Jumatatu, 2 Machi
Goti la Ruth limegoma kabisa kushuka kanisani. Jana jirani Gerson kampakia tena mke wangu, kiti cha mbele, halafu kanipungia mkono dirishani kama mbunge. Mimi nimefika wimbo wa pili, matope hadi magotini. Basi. Jumapili hii nampeleka mwenyewe, kwa gari langu. Mafahali wawili nimeshauza, hela anashika Ruth. Anasema nitafute fundi wa kunishauri. Fundi wa nini? Miaka thelathini nimenunua ng'ombe mnadani. Gari nalo lina miguu minne.

Jumanne, 3 Machi
Ngarenaro, gereji ya Melkizedeki. Pale pamepaki gari dogo la bluu la Mwalimu Sumari, mstaafu, tunasali naye usharika mmoja; analiuza, na mwenyewe yupo. Nimelipenda papo hapo. Sikuonyesha. Mnadani ukimpenda ng'ombe unamponda, bei ishuke. Nikamwambia Mwalimu rangi ina upele na taa zina mtoto wa jicho. Melkizedeki akauliza, mzee Aminieli, unanunua gari au beberu? Mwalimu hakucheka. Alisema amelitunza miaka kumi na moja. Lakini bei akashusha. Kazi naijua.

Alhamisi, 5 Machi
Siku ya kulijaribu. Tumepanda hadi Oldonyo Sambu, mimi kwenye usukani, Mwalimu pembeni. Linapanda kama mbuzi. Nikasimama nikapakia magunia matatu ya viazi, lichoke. Halikuchoka. Injini kimya, sina hata pa kulaumu. Kwenye kona nikawa nakoroma mwenyewe kidogo, adhani ni gia. Akaniuliza kama nina pumu.

Ijumaa, 6 Machi
Leo nimemleta Eliasi, mwenzangu wa enzi za mnada. Kazi yake ni kupita kama mtu asiyenijua na kudharau mali. Kazidisha. Kapiga teke tairi, kanusa siti, kasema yeye hapakii hata kuku mgonjwa humo. Mwalimu akaifuta siti kwa leso. Kisha akatushukuru. Alisema tumemfungua macho, hawezi kumuuzia mzee mwenzake gari la namna hiyo, na Ruth anaumwa goti. Nikasema basi nitavumilia. Akakataa. Nikaanza kulisifu, injini, rangi, hata harufu. Akanishika bega, akasema mzee, usinionee huruma.

Jumamosi, 7 Machi
Nimeenda kwake kukiri kwamba nilidanganya. Hakuamini. Mtu wa umri wangu, anasema, hawezi kudanganya siku nne mfululizo. Ameshaamua: gari anatoa sadaka, lipigwe mnada kesho baada ya ibada, pamoja na ndizi na kuku wa watu. Atakayelichukua ajue amemtolea Mungu. Nikarudi nyumbani napiga mluzi. Usharika mzima umeshasikia alivyosema Eliasi, nani atashindana nami?

Jumapili, 8 Machi
Asubuhi Ruth kaletwa na Gerson. Sawa, mara ya mwisho. Baada ya ibada mzee wa kanisa Lemomo kanadi mkungu wa ndizi, majogoo wawili, kisha kainua ufunguo wa gari. Nikataja bei ya ndama. Lemomo akauliza nani anaongeza. Hakuna aliyeinua mkono. Lilikuwa langu, nilishaona njia ya nyumbani kwenye kioo.

Lakini mnadani ukibaki peke yako unabana zaidi. Nikasimama nikasema hata ndama ni hisani, napunguza, nitoe mbuzi.

Nyuma yangu sauti ikasema, mafahali wawili. Nikageuka nimwone mpumbavu huyo. Ni Ruth, kasimama na goti lake, pochi mkononi. Akina mama wakapiga vigelegele. Mwalimu Sumari akafuta macho. Lemomo akaniuliza kama naongeza. Naongeza kwa hela gani?

Ufunguo Ruth kampa Gerson aendeshe, lake kaliacha kanisani. Anasema anayelitukana hawezi kulishika. Mimi nimekaa nyuma, kati ya jogoo wa mnada anayepelekwa kwa mchungaji na viazi vyangu vya Alhamisi.

Gari halina neno. Ninalitaka kufa kupona.

Kwa hiyo njiani nimeshamnong'oneza Ruth kwamba siti inachoma na breki zinanuka kama zizi. Kateremsha kioo. Ameanza kulichoka, namjua. Kufika Jumatano ataniachia kwa bei ya mbuzi.