Programu Tatu za Kumrekodi Shemeji Mayige

Jumatatu, 8 Juni 2009. Somanda, Bariadi.

Jana nilimfunga shemeji Mayige matatu kwa moja kwenye gemu la mpira. Kwenye chumba changu cha gemu, kwa vidole vyangu. Hakuna aliyeona. Wateja wote walikuwa kanisani.

Leo asubuhi Mayige yuko kwenye mizani ya pamba, anawaambia wakulima kwamba Novatus hajawahi kumfunga tangu kompyuta zifike Bariadi. Novatus ndiye mimi. Nilikuwa nimesimama palepale.

Huyu ni mdogo wake mke wangu, Flora. Siku hizi kampuni za pamba zimejaa kama inzi. Moja ikamchukua awe karani, na kwa mshahara huo akafungua chumba cha gemu ng'ambo ya barabara, kinatazamana na changu. Juu ya mlango ametundika kibao: BINGWA WA BARIADI. Kila nikifungua dirisha nakisoma.

Nimeamua. Kuanzia sasa nitarekodi kila mchezo, ushahidi uwepo. Fundi Elia ameniletea kutoka Mwanza diski yenye programu tatu za kazi hiyo. Ameonya kwamba kompyuta inayocheza huku inarekodi ni sawa na ng'ombe anayelima huku anakamuliwa. Nimemwambia aniachie ng'ombe wangu.

Jumanne, 9 Juni.

Programu ya kwanza. Wachezaji wangu walikimbia kana kwamba wako ndani ya jaruba la mpunga. Nabonyeza shuti, nasubiri, nameza mate, ndipo mguu unainuka. Nimefungwa na Felisita, fundi cherehani wa jirani, aliyekuja kuazima mkasi. Hajawahi kucheza maishani mwake. Alibonyeza kila kitu kwa pamoja.

Picha yenyewe imetoka safi. Kila bao nililofungwa linaonekana vizuri, mpaka nyasi.

Jumatano, 10 Juni.

Programu ya pili. Haikuisumbua kompyuta hata kidogo. Mchezo ulikwenda kama maji. Nikamfunga Sayi, muuza vocha, mabao manne. Nikaita watu waje kuangalia.

Kwenye picha nakimbia na mpira. Picha inaganda. Halafu wachezaji wangu wanashangilia. Mabao hayamo, yote manne. Nadhani haiisumbui kompyuta kwa sababu hairekodi.

Mayige alikuwa amechungulia mlangoni. Akasema labda mpira ulizungukia Bukundi, kule mbali. Watu walicheka sana. Nami nikacheka, ili wasione imeniuma.

Alhamisi, 11 Juni.

Programu ya tatu ndiyo yenyewe. Kasi inapungua kidogo tu na picha inatoka nzima. Kasoro yake moja: faili ni kubwa kama ghala la pamba. Kabla mchezo haujafika mapumziko, diski yangu ilikuwa imejaa.

Kompyuta ya Flora ina nafasi zaidi. Ndiyo anayochapia kazi za watu, kwenye kona ya chumba hiki: barua, ratiba za ibada, mambo ya shule. Flora mwenyewe amekwenda Mkula kumwangalia mama yao. Nimefuta vitu vilivyokuwa vimekaa bure. Folda moja iliitwa MIT2. Nikajua ni mitindo. Yeye na Felisita hupenda mambo ya mishono.

Halafu likanijia wazo, nikashangaa halikuja mapema. Gemu hili linachezeka kwa kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya. Mayige akae kwenye yangu ya zamani, na ile programu ya kwanza, ya jarubani, ikirekodi kimyakimya. Mimi nikae kwa Flora na ya tatu. Si udanganyifu. Ni kulinganisha programu.

Ijumaa, 12 Juni.

Nimevuka barabara. Nimempa Mayige masharti: tucheze kesho mbele ya watu, nitarekodi, na atakayefungwa asitamke tena neno bingwa. Naye akaniuliza:

"Shemeji, dada ameacha zile kazi za shule zimekwisha?"

Nikamwambia ajibu kuhusu mpira. Akasema sawa, yeye hana shida.

Anaogopa.

Jumamosi, 13 Juni.

Chumba kilijaa mpaka nje. Kuna jambo sikulijua, na Elia ameniambia baada ya maji kumwagika: katika gemu hili, kompyuta zikiunganishwa, iliyo nzima huisubiri iliyolemewa. Tukazama wote wawili jarubani.

Ila Mayige ana subira ya mtu anayeshinda kwenye mizani. Anabonyeza, anakunja mikono, anangoja. Mimi nilibonyeza mfululizo, na mchezaji wangu akatii kila nilichobonyeza, kimoja baada ya kingine, mpira umeshaondoka zamani. Alipiga teke hewa kama mtu mwenye mapepo. Nimefungwa mawili bila.

Watu wakadai picha, maana niliwaahidi. Nikaona niwafungulie iliyorekodiwa upande wa Mayige, walau waone alivyokuwa akitambaa. Sikukumbuka kwamba programu ile hurekodi kila kinachopita kwenye kioo tangu inapowashwa. Ikaanza na asubuhi, nilipokuwa naitega. Kile kimshale kinazunguka, kinaiongezea programu uzito mpaka mwisho, halafu kinaipa faili jina. Herufi zikatokea moja moja, na umati ukazisoma kwa sauti: MAYIGE ATAKOMA.

Mayige peke yake hakucheka. Aliinuka, akavaa kofia yake.

"Shemeji, ungeniambia tu. Ningekuachia ufunge."

Hilo ndilo lililoniuma. Mengine yote nayaweza.

Jumapili, 14 Juni.

Flora amerudi. Hakuwa hata ameketi.

"Nova, mitihani ya Mwalimu Benedikta iko wapi?"

Nikauliza mitihani gani.

"Ya kidato cha pili. Anakuja kuichukua kesho."

MIT2. Nikamwambia umeme ulikuwa unacheza sana wiki hii. Aliwasha kompyuta, akakuta faili moja kubwa, mechi ya jana. Akaitazama yote, mpaka bao la pili. Nilidhani ameipenda.

"Kazi hii niliianza pamba bado iko shambani," alisema. "Ni shule ya kwanza kuniamini."

Nikamweleza kwamba programu ya tatu, kwa haki yake, imefanya vizuri kuliko mbili za mwanzo. Akachomoa nyaya. Akaifunga kompyuta kwa kitenge, kama mtoto anayepelekwa kliniki, akamwita mdogo wake. Mayige aliibeba kuvuka barabara. Alipopita mlangoni alinisalimia, kwa heshima ile ile ya siku zote. Mtu mbaya sana yule.

Jumanne, 16 Juni.

Nimewaona kupitia dirisha. Flora amepewa meza mlangoni kwa Mayige, chini ya kile kibao. Jana Mwalimu Benedikta alifika, akasikiliza, akaondoka mikono mitupu. Leo Felisita ameniambia kwamba shule imempa kazi mchapaji mwingine. Wanafunzi wameahirishiwa mtihani. Flora bado anachapa. Sijui anachapa nini.

Wateja wangu nao wako huko. Nimecheza na kompyuta peke yangu. Imenifunga.

Alhamisi, 18 Juni.

Nimekaa nimetafakari kwa kina, kama mtu mzima. Kosa nimeliona. Kosa lilikuwa kutumia programu mbili tofauti kwa wakati mmoja. Yeyote angechanganyikiwa. Elia anasema Mwanza kuna programu ya nne, mpya, nyepesi kama unyoya, haili kasi wala haikosi bao. Inachotaka ni nafasi ya kutosha tu kwenye diski.

Mchana binti yetu Jenifer alivuka na bakuli, ugali na dagaa, limefunikwa vizuri. Akasema mama ameuliza kama nimekula tangu jana. Sikuwa nimekula. Nilikula nimempa mtoto mgongo, asinione machozi.

Flora ana moyo. Kesho nitarudisha bakuli mwenyewe. Nitalisugua ling'ae, nitamsalimia vizuri, nitaomba radhi mbele ya mdogo wake. Akishalainika, nitamuuliza kompyuta yake imebakiwa na nafasi kiasi gani.