Kucha Zangu za Mkono wa Kulia

Jumatatu, 3 Juni
Mwalimu wa gita kasema Jumamosi atachagua mwanafunzi mmoja wa kupiga naye hotelini. Nafasi moja! Mimi huyo! Kwaheri karakana ya mjomba, kwaheri majeneza. Kazi yenyewe ni flamenko, muziki wa gita wa Kihispania: kidole cha shahada na cha kati vipokezane kwenye uzi, kimoja kimoja, kama miguu inayotembea. Eti polepole. Natembea tangu nina mwaka mmoja, leo nifundishwe? Mpinzani wangu ni binti wa mshonaji. Tangu Januari yuko kwenye uzi uleule. Namhurumia.

Jumanne, 4 Juni
Kupiga huku kunataka kucha ndefu. Msasa wa karakana unazitafuna. Nikamwambia mjomba mkono wa kulia unauma. Akaugeuza, akautazama, akasema ugonjwa huo anaujua, unaitwa uvivu, mpwa wangu. Hana sikio la muziki. Alipotoka nikazipaka kucha vanishi ya majeneza. Mara tatu. Zinang'aa kama za marehemu tajiri!

Alhamisi, 6 Juni
Siku mbaya. Kidole cha shahada kimevimba chini ya vanishi, hakikunjiki. Si neno. Nitapiga kwa cha kati peke yake, haraka haraka. Nani atahesabu?

Mjomba alikuwa anapasua mbao. Ubao mrefu unataka mtu wa kuupokea upande wa pili. Aliniita. Akaniita tena. Nilikuwa nimepaka vanishi upya, napuliza ikauke. Msumeno wa umeme umeondoka na vidole vyake viwili. Mama ameosha sakafu mwenyewe.

Jumamosi, 8 Juni
Mwalimu alisikiliza kafumba macho. Bahati iliyoje, haoni vidole! Hata noti kumi hazijafika akaninyamazisha, akasema anasikia mtu anaruka kwa mguu mmoja. Binti wa mshonaji akapiga polepole, kama anashona vifungo. Kapewa yeye. Akanipa pole, eti usijali kaka. Kaka! Ukucha wa shahada ukabanduka mzima.

Jumapili, 9 Juni
Hospitali. Daktari kasema mjomba hatashika randa tena. Mjomba hakuniuliza nilikuwa wapi aliponiita. Aliuliza kama nimeshinda. Nikasema bado kidogo. Akageukia ukuta mpaka usingizi ukamchukua.

Muuguzi kasahau bendeji mezani. Nimejifunga mkono mzima, hadi kiwiko. Kesho asubuhi kwa mwalimu: nilipata ajali kazini nikimwokoa mjomba. Lazima anijaribu upya!

Mjomba hatanikanusha. Ananipenda sana.