Ukuta Unaokula Harufu ya Wali

Kiponda, Mjini Unguja
12 Machi 1973

Kwa Ndugu Afisa wa Afya,

Baada ya salamu na heshima zote, mimi Msabah Mjaka, mshona kofia, niliyefiwa na mke miaka sita sasa, nashtaki ukuta.

Ukuta wenyewe ni wa Mwalimu Nasser, jirani yangu wa ng'ambo ya kichochoro, anayesomesha sayansi. Mwezi uliopita aliupaka unga mweupe wa rangi, akanieleza kwa upole kuwa jua likiupiga, unga huo huamka ukaivunjavunja mivuke michafu iliyomo hewani, moshi, harufu na yote, na wenyewe usipungue hata chembe. Nilimpongeza. Sikujua kuwa napongeza balaa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwa ada yetu, jirani akishasikia harufu ya chungu chako, ana fungu lake humo. Miaka yote sita wali wa nazi wa Bi Badriya, mke wa Mwalimu, ulikuwa ukinifikia dirishani saa sita, na sahani ikifuata saa saba. Leo siku ya tisa, harufu hakuna, na sahani hakuna.

2. Jua huingia kichochoroni kwetu saa sita hadi saa nane tu, yaani saa zile zile za mapishi. Mwalimu ni msomi, hakosi kulijua hilo.

3. Mlaji asiyeshiba ni hatari. Leo amekula harufu ya wali. Kesho atakula udi wa maharusi, watu wapite mlangoni wasijue kama kuna harusi. Keshokutwa atakula harufu ya moto, tuungue hali tumetulia.

4. Nimekonda mpaka kichwa. Kofia nazipimia kichwani mwangu, na wateja wameanza kulalamika kuwa zinawabana.

Kwa hiyo naomba ukuta ubomolewe. Ikiwa ni vigumu, litandikwe turubali juu ya Kiponda yote, jua lisitufikie. Giza nitalivumilia. Lakini Bi Badriya akileta sahani husimama mlangoni akaniuliza hali yangu, na mwengine wa kuniuliza sina.

Nisalimie wote hapo ofisini, na wanaofagia Forodhani, na watoto nyumbani.

Wako mtiifu mwenye njaa,
Msabah Mjaka

Baada ya sahihi: Nilipotoka kuileta barua hii nimekutana na Mwalimu ana chupa ya dawa mkononi. Bi Badriya yuko kitandani na homa, leo siku ya tisa. Jiko lao halijawashwa, Mwalimu anakula mkate mkavu. Nami, hatua tatu kutoka mlango wao, nilikaa dirishani nikinusa, nisende hata kumjulia hali. Nimeona haya sana. Ukuta uacheni ulivyo. Nimempikia mgonjwa uji, nao umeungua, kichochoro kizima kinanuka. Jua ndiyo kwanza linaingia. Naomba Mungu unga wa Mwalimu uwe unafanya kazi.