Mwewe Aliyeitwa Shemeji

Jumatatu, 1 Septemba

Leo akili imefunguka! Nilikwenda Ziwa Duluti kujificha, maana Mama aliteremka kutoka Nkoaranga kunitafuta nikapalilie migomba. Pale ziwani korongo amesimama majini asubuhi nzima. Anasubiri tu. Hatimaye akapata samaki. Hajammeza, furukombe, yule tai mla samaki, akashuka na kumpokonya. Huyo, kaenda zake! Watu wakamhurumia korongo. Mimi nikampigia makofi furukombe. Kwa nini uvue wakati wenzako wanavua?

Sasa jambo lenyewe. Brenda, binti wa jirani yetu, ana sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, tarehe ishirini, na ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, inatafutiwa mchomaji. Kona yetu hii ya Tengeru ina wachomaji wawili: mimi na Derick, banda kwa banda. Watu wanasema Derick anachoma vizuri kunizidi. Si watu wote. Mimi sijasema.

Mama katoa hukumu: nikiikosa ndafu hii, banda nafunga, narudi Nkoaranga kushika jembe. Mimi na jembe hatujawahi kuelewana. Naogopa kweli.

Jumatano, 3 Septemba

Siku ya soko. Bibi Anande, bibi yake Brenda, kaja bandani. Nikamwamkia shikamoo mara mbili, ya pili ya akiba. Kasema Jumamosi ya wiki ijayo mimi na Derick kila mmoja achome kidari cha mbuzi, yeye ataonja. Atakayemridhisha ndiye atakayechoma ndafu. Nikamdokeza kwamba Derick anazidisha chumvi, afikirie presha yake. Akajibu kuwa presha yake haijambo, ila angependa kujua nani kanifundisha kusema watu.

Mchana, kioja. Derick ana mbwa anaitwa Polisi, mlinzi wa banda. Kalala na mfupa wake kati ya miguu. Mwewe akaja kimyakimya, akauchomoa! Polisi kabweka mpaka jioni. Derick kacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nafikiri. Furukombe wangu ndiye huyu! Jumamosi hiyo aikwapue nyama ya Derick mbele ya Bibi, Bibi abaki na yangu tu.

Ijumaa, 5 Septemba

Mafunzo yameanza. Derick huvaa aproni nyekundu. Nami nimenunua nyekundu. Mwewe lazima ajue kwamba penye wekundu pana nyama. Nikasimama nyuma ya banda, nikainua juu sahani yangu ya bati yenye utumbo, nikapiga mluzi.

Wakaja kunguru! Mmoja akaondoka na kipande kikubwa. Mwewe akamfuata juu kwa juu, akamnyang'anya kabla hajatua. Nimefurahi mpaka nikasahau kuchoma. Mteja wangu wa pekee kahamia kwa Derick.

Jumapili, 7 Septemba

Aibu kanisani. Baada ya ibada tulitoka nje kwenye mnada wa sadaka za mazao, kama kawaida. Mzee Thomasi ananadi mkungu wa ndizi. Ghafla mwewe wangu yuko juu ya kichwa changu, anazunguka, anashuka! Nikapunga mkono kumfukuza. Mzee Thomasi akashukuru, akapandisha bei. Nikapunga tena. Akashukuru tena, akasema Bwana amemgusa kijana wetu. Mkungu ukawa wangu. Kumbe aliyeutoa ni Mama. Nimenunua ndizi za migomba ileile ninayoikimbia!

Na aproni sikuvaa. Ndege kanifuatia nini? Nikakumbuka: kwaya ilikuwa na majoho mekundu. Basi, masomo yamemwingia.

Jumatano, 10 Septemba

Nimempa jina: Shemeji. Anakuja bila hodi, anakula, haagi. Sasa sipigi hata mluzi, akiniona tu anashuka.

Derick kauliza kwa nini nalisha ndege. Nikasema ni huruma. Akaguswa, akaniletea utumbo wake uliobaki nimwongezee. Nusura nione haya. Ikapita.

Jumamosi, 13 Septemba

Siku yenyewe. Aproni yangu nilivua, nikavaa shati la bluu. Derick mwekundu kifua mpaka magoti. Bibi Anande kaketi kwenye kiti cha plastiki, Mama yangu kasimama nyuma yake, kakunja mikono. Angani, Shemeji.

Derick akaleta kidari chake. Nikashusha pumzi. Sasa! Shemeji hata hakumtazama. Bibi akatafuna polepole, akafumba macho, akaomba kipande kingine.

Zamu yangu. Nikainua kidari juu ili watu wakione vizuri. Juu ya sahani ya bati, ileile. Nikasikia upepo sikioni. Kidari hakipo! Bawa likampiga Bibi Anande, kilemba kikaanguka kwenye pilipili.

Lakini nilichagua kidari kikubwa kumkomesha Derick, na Shemeji hakukiweza. Akakiachia. Kikaanguka mbele ya Polisi. Polisi akanusa. Akauma kidogo. Akaondoka akaenda kulala.

Bibi Anande akakung'uta kilemba chake, akasema haina haja ya yeye kuonja, Polisi amekwisha kuonja kwa niaba ya ukoo. Ndafu ni ya Derick. Watu walicheka mpaka wa upande wa pili wa soko wakaja kuuliza. Mama hakucheka. Aliniambia tu nikafungashe.

Jumamosi, 20 Septemba

Sendofu. Derick, kwa wema wake, aliomba nimsaidie kubeba ndafu ukumbini. Mbuzi kasimama, majani mdomoni, ngozi inang'aa. Nzuri, siwezi kusema uongo hapa ninapojiandikia mwenyewe. Niliumia rohoni. Bibi Anande alinipa mfupa, akasema nikampe ndege wangu.

Jumatatu, 22 Septemba

Nkoaranga. Jembe. Malengelenge.

Nimekaa chini ya mgomba kupumzika na kuchunguza kosa lilikuwa wapi. Nimelipata! Aproni ya Derick imepauka. Kwa macho ya ndege ile si nyekundu, ni pinki. Mpango wangu haukuwa na kasoro yoyote.

Shamba la pili analima Elinami, mtu wa nguvu, kaja na kuku wa kukaanga kwenye bakuli. Mimi Mama kanifungia ndizi na kipande kimoja cha nyama. Nimekiweka hapa kwenye jani, namalizia kwanza kuandika

Shemeji! Kanifuata mpaka huku mlimani! Nyama imekwenda.

Sikukasirika hata kidogo. Ndege ana kipaji. Elinami kavaa fulana nyekundu, mpya kabisa. Kesho nakuja na aproni.