Mama Mkwe kwa Dozi Ndogo Ndogo

Jumatatu, 4 Machi
Leo tumewadunga panya wa maabara. Wiki iliyopita nusu yao niliwalisha protini ya ubongo, tone kwa tone, kwa mdomo. Wengine maji matupu. Sindano ya leo ni protini ileile pamoja na mafuta ya kuchokoza, ili kinga ya mwili ishambulie neva za mwili wenyewe. Daktari wa maabara anasema waliolishwa watabaki salama: mwili haupigani na ulichokizoea kidogo kidogo. Nikamfikiria mama mkwe. Mke wangu yuko kwake tangu nilipoanza kufuga sungura chumbani, nami nimepigwa marufuku pale. Namtaka mke wangu arudi.

Alhamisi, 7 Machi
Dozi ya kwanza. Nimetoa shikamoo kutoka getini, nikaondoka. Marahaba ilichelewa, lakini ilikuja. Mke wangu alichungulia dirishani. Sikulala vizuri kwa furaha.

Jumanne, 12 Machi
Nimefika barazani. Maji nimepewa! Shemeji, mdogo wake mke wangu, akauliza kama nimekuja kuwatafutia sungura chumba. Nikanywa maji yangu. Mama mkwe hakucheka, hakununa. Haba na haba. Kazini panya wote bado wazima.

Jumapili, 17 Machi
Panya waliopewa maji matupu mikia imelegea, miguu ya nyuma wanaiburuta. Waliolishwa wanakimbia. Basi nikabeba sanduku langu la nguo moja kwa moja hadi sebuleni kwa mama mkwe. Akanikaribisha mezani. Mke wangu akanipakulia mwenyewe. Ningekula tu! Mama mkwe akauliza adabu hii nimeipata wapi. Nikamweleza yote: panya, protini, dozi. Nikamwambia sasa amenizoea, hawezi tena kunishambulia. Akauliza, taratibu kabisa, kama panya ni yeye. Nikasema kitaalamu, ndiyo. Mke wangu akaondoa sahani yangu. Sanduku lilinitangulia getini.

Jumatatu, 18 Machi
Nimemsimulia Dada Miwani, mwenzangu wa maabara. Akasema protini ni ileile: ukiilisha polepole ni kinga, ukiichanganya na uchokozi ni ugonjwa. Eti niuze sungura, nikamwombe radhi mke wangu. Wivu tu huo. Kosa langu ni kuanza na mtu mgumu. Baba mkwe anarudi safari kesho, hajui lolote. Nitamsalimia kwa mbali. Nitampelekea na sungura. Mmoja, mdogo.