Muuaji Niliyemuuza na Sabuni

Bandugu wa grupu, leo nimejipaka masizi uso mzima, tena kwa mkono wangu mwenyewe. Naandika haya nimejifungia ndani ya depo, duka langu la jumla. Nje wanacheka. Nawasikia mmoja mmoja.

Nianzie mwanzo. Mnajua kwamba tangu vita vifunge barabara ya kwetu Butembo, malori hayafiki, na depo yangu hapa Lubumbashi imebaki na miche ya sabuni, viberiti, na mimi. Mnajua pia kwamba Tantine Katungu, dada mdogo wa baba, alinikimbilia hapa miezi minne iliyopita. Mwanamke aliyekuwa akiuza vitenge kwa marobota alikuja na vitenge viwili, na kimoja amekivaa. Alikuwa anakaa kwenye veranda anaangalia ukuta. Hacheki, hasemi. Ukimuuliza kama amekula anajibu, "Nimekula," na sahani haijaguswa.

Sasa, kwenye rundo la makaratasi ya zamani ninayonunua kwa kufungia sabuni, nilikuta kitabu. Kinene, cha Kifaransa, hakina jalada wala jina la mwandishi. Ni hadithi ya upelelezi ya Waingereza. Courant, umeme wetu, ilikuwa imekatika tangu mwezi uliopita, televisheni imelala, basi nikaanza kumsomea Tantine, nikitafsiri palepale. Siku ya tatu jirani mmoja akasimama langoni. Siku ya tano lupango mzima, ua wote wa nyumba, umejaa viti.

Kama hamjawahi kusoma vitabu hivi, msiogope, vyote ni ndugu wa tumbo moja. Kuna nyumba kubwa, na mvua inanyesha ili mtu asitoke. Kuna tajiri mzee mwenye roho mbaya anayetangaza mezani kwamba kesho atabadilisha urithi. (Mzee, si ungenyamaza tu?) Saa kumi ya siku hiyohiyo amekufa kitini, kikombe cha chai pembeni. Kuna koloneli mstaafu anayegombana na gazeti. Kuna padri anayesahau miwani yake. Kuna mpwa mwenye sura nzuri asiyependa kazi. Kuna daktari mpole kupita kiasi. Kuna inspekta wa polisi ambaye, katikati ya kitabu, lazima amkamate mtu asiye na kosa. Halafu kuna mpelelezi. Huyo ameshajua yote zamani, ila hasemi. Anataka kwanza watu wote wakusanyike salon, yaani sebuleni.

Siku ya pili tu, tulipofika mahali wageni wa nyumba ile wanakunywa chai na maiti iko chumba cha pili, Tantine alifungua mdomo.

"Mutu amekufa, na bao banakunywa chai?"

"Ndiyo, Tantine."

"Kilio iko wapi? Nani ameketi chini?"

"Hawana kilio, Tantine. Wana biskuti."

"Na ndugu za marehemu hawajakuja kuchukua kabati?"

Hawajakuja, nikamwambia. Akatikisa kichwa. Akasema hapo ndipo muuaji alipoponea, maana kwetu msibani kuna watu mia mbili, na mtu mwenye damu mikononi hawezi kumeza bukari, ugali wetu, mbele ya macho yote hayo. Nilifurahi mpaka nikapoteza mstari niliokuwa nasoma. Jioni ile alimaliza sahani yake.

Sasa mwingine: Papa Sylvestre. Huyu anakaa lupango wa tatu kutoka kwangu. Ni mzee wa Kikatoliki, baba yake alijenga reli, yeye mwenyewe alitumika nyumbani kwa mzungu mmoja, injinia wa mgodi, tangu ujana mpaka siku kampuni ilipoanguka. Alianza kwa kufua, akamaliza akiwa mkuu wa nyumba nzima. Papa Sylvestre ana binti anayeitwa Béa. Béa ndiye sababu mimi naoga mara mbili kwa siku. Nimeshaomba ruhusa ya kuleta wazee wangu wajitambulishe, na jibu la Papa limekuwa moja: "Tutaona."

Kitabu kilipoanza, akawa anakuja kila siku saa kumi kamili, na kiti chake mkononi. Nia yake haikuwa muuaji. Alikuja kwa ajili ya yule mtumishi mkuu wa nyumba kubwa, mwenye glavu nyeupe, anayefungua mlango na kutangaza wageni. Mimi nilimtafsiri "boyi mukubwa," sikupata neno lingine. Papa Sylvestre alimpenda kama mdogo wake. Boyi akibeba sinia, Papa anasimama kutuonyesha sinia inavyobebwa. Boyi akijibu "Ndiyo, Bwana" bila kukunja uso, Papa anapiga goti lake kofi. "Munaona? Huyu njo muntu ya kazi!" (Njo, kwa watu wa hapa, ni ndiye.)

Jana tulifika pazuri. Mpelelezi amewaita wote salon. Nikafunga kitabu, watu wakanizomea. Papa Sylvestre akanishika bega.

"Kesho, kisha kitabu, nitakupa jibu ya ile mambo yako."

Béa akaninong'oneza langoni, "Anakupenda juu ya kitabu. Usiharibu."

Niharibu nini, jamani? Kimebaki kusoma tu.

Leo asubuhi. Watu siku hizi hawanunui mche mzima wa sabuni, wanataka vipande. Basi nakata, nafunga, nauza. Nakata, nafunga, nauza. Mkono unachukua karatasi, macho yanaangalia mteja. Saa sita nafunga depo, nachukua kitabu kutoka mezani nijitayarishe, nafungua mwisho.

Hakuna mwisho.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa mpelelezi anakohoa. Baada ya hapo, uzi na gundi. Nikaangalia rundo la makaratasi. Nikakumbuka kitabu kisicho na jalada kilivyolala juu yake asubuhi yote, kifudifudi. Nikaangalia mkono wangu. Mimi, mtu wa kuuza kwa jumla, nilikuwa nimemuuza muuaji kwa rejareja!

Nilitoka mbio. Mteja wa kwanza alikuwa ameshawashia mbabula, jiko lake la makaa. Wa pili alisema karatasi gani, akanionyesha povu. Wa tatu, Mungu ambariki, alikuwa nayo bado, nzima, kavu. Nikaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa orodha ya vitabu vingine vya mchapishaji huyohuyo.

Nikampigia Béa.

"Sema ukweli tu," alisema. "Papa atacheka."

Ushauri mzuri. Mtu mwenye akili angeufuata. Mimi nikajiambia: Muhindo, wewe umeshasoma vitabu hivi! (Hiki, na nusu ya kingine.) Unajua sheria zake. Muuaji huwa ni yule ambaye hakuna anayemshuku. Nikakaa juu ya katoni kupiga hesabu. Koloneli? Hapana, ana hasira sana, kila mtu anamshuku. Mpwa? Huyo ndiye aliyekamatwa na inspekta, basi hana kosa. Daktari mpole? Tantine hamwamini tangu siku ya kwanza. Nani anapendwa na wote? Nani ana adabu, anaingia kila chumba, na lupango mzima hakuna aliyemnyooshea kidole hata siku moja?

Nikapiga makofi peke yangu depo. Boyi mukubwa! Watashangaa mpaka viti vianguke!

(Ninyi mmeshaona. Mimi sikuona.)

Saa kumi. Papa Sylvestre anaingia amevaa koti na kravati. Nyuma yake Béa. Nyuma ya Béa, mdogo wake Papa, Tonton Gaby, ametoka Likasi kwa makusudi. Mtu haleti ndugu yake kutoka Likasi ashuhudie "Tutaona."

Nikafungua kitabu katikati na kuanza "kusoma." Bandugu, nilisoma vizuri! Mpelelezi alizunguka salon, akala biskuti, akafuta kidole. Nikamwachilia koloneli kwa sababu ya mguu wake mbovu. Nikamwachilia padri, maana bila miwani angejipa sumu mwenyewe. Nikamwachilia mpwa, wamama wakashukuru. Nikamwachilia daktari, Tantine akaguna.

"Bila shaka, alisema mpelelezi, mmemsahau mtu mmoja. Mtu aliyefungua mlango kila siku. Mtu mwenye glavu nyeupe."

Papa Sylvestre akarekebisha kravati. Maskini, alifikiri ndugu yake wa kitabuni anakwenda kusifiwa. Akamgonga Tonton Gaby kwa kiwiko: sikia, sikia.

"Muuaji," nikapaza sauti na kidole juu, "njo boyi!"

Hata kuku walisimama.

"Nani?" akauliza Papa Sylvestre.

"Boyi mukubwa, Papa."

"Ile yangu?"

Hapo ndipo nilipoona. Béa alikuwa ameziba uso kwa mikono yote miwili.

Mzee akainuka polepole. "Miye nilitumikaka kwa muzungu miaka makumi tatu na moya. Dawa ya panya nilijua iko wapi. Funguo yote ilikuwa na miye. Nilimuua nani?"

"Papa, ni kitabu tu..."

"Bazungu bakakimbia siku ya pillage. Bakaniachia nyumba. Bantu bakavunja huku na huku, bakabeba mpaka milango. Miye nikalala mbele ya mulango yetu mwezi mbili. Bakarudi. Bakahesabu. Hata kijiko moya haikupotea! Na weye unasema njo boyi?"

Nilitamani ardhi inimeze na viti vyake vyote. Mchana kutwa nilikuwa nimefikiria kitabu, na sikumfikiria hata kidogo mtu anayeketi mbele yangu kila siku. Niliona aibu ya kweli, ile ya kifuani. Nikataka kusema samahani, lakini sauti ya Tantine ilitangulia.

"Ngoja kwanza. Saa kumi boyi alikuwa jikoni."

"Tantine..."

"Ulisoma Jumanne. Mupishi alimuona, akamupa viazi amenye. Na kikombe ilipelekwa na nani?"

Nikageuza kurasa kama anayetafuta.

"Ilipelekwa na mpwa! Weye mwenyewe ulisoma. Sasa boyi aliweka sumu kupitia wapi, kupitia viazi?" Alikuwa amesimama. Huyu mama aliyenyamaza miezi minne alikuwa amesimama katikati ya lupango, mkono kiunoni, kama yuko dukani kwake na mtu amemletea kitenge feki. "Na sababu? Alitaka nini?"

"Alitaka... nyumba," nikasema.

"Boyi ataipeleka wapi?" Papa Sylvestre akapiga kelele.

"Leta kitabu," akasema Tantine.

Tantine hajui Kifaransa. Hakukifungua hata kidogo. Alikishika tu kwa vidole viwili, kama anavyoshika kitambaa, akakipima.

"Hii imepungua."

"Tantine, unajuaje?"

"Miaka ishirini ninapima vitenge kwa mukono, unaniuliza najuaje? Jana ilikuwa nene kuliko hivi. Karatasi iko wapi?"

Watu wakaleta viti karibu. Mbele koti na kravati, nyuma wamama, pembeni Tonton Gaby aliyetoka Likasi. Nikagundua kwamba wamenizunguka wote, na katikati niko peke yangu, na kila mmoja ananiangalia usoni. Ndiyo. Ilikuwa ile salon yenyewe, na mshukiwa alikuwa amebaki mmoja.

Nikakiri. Sikudumu hata dakika moja. "Nimefungia sabuni."

"Umefungia nini?"

"Sabuni! Mwisho wote! Nimeuza muuaji kwa vipande! Hii nilitunga!"

Kisha nikasikia sauti ambayo sikuitambua, kama mtu anapaliwa na maji. Ilikuwa Tantine. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, kitenge kikafunguka, akajifuta machozi nacho, akaniangalia, akaanza upya. "Muuaji... kwa vipande!" Lupango mzima ukaanguka naye. Béa alicheka akiegemea ukuta. Tonton Gaby alicheka kama mtu aliyelipwa nauli.

Papa Sylvestre hakucheka. Alikunja kiti chake. Nikamfuata mpaka langoni, nikamwomba msamaha, bila maneno mengi, kichwa chini. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mutoto," akasema, "jibu yangu leo ilikuwa ndiyo."

"Aksanti, Papa!"

"Ilikuwa. Sasa minaiweka. Siku utaniletea muuaji ya kweli, njo utaikuta. Ndugu yangu ya mu kitabu hawezi kubaki na ile jina." Akageuka, akarudi tena. "Na nitakuja kesho saa kumi. Yule mama anasema anajua ni nani. Iko daktari, sivyo?"

Basi ndiyo hivyo. Bado wanacheka huko nje, na sauti ya Tantine inazipita zote, ndiyo maana siwezi kutoka kuwaambia wanyamaze.

Yeyote aliyenunua kipande cha sabuni kwangu leo asubuhi, namwomba kwa heshima anirudishie karatasi, hata ikiwa imelowa, nitampa mche mzima. Ila kama utaisoma kwanza ukute kweli ni boyi ndiye aliyeua, ndugu yangu, washia moto, na mimi hujaniona.