Injini ya Secondo Ina Njaa

Jumanne, 3 Aprili 1906. Torino
Herufi nilijifunzia kwenye magunia ya unga, basi nisichekwe. Jumamosi anakuja mnunuzi wa injini za mabasi kupima mbili: ya mjukuu wangu Secondo, na ya Evasio, mkwe wa jirani yangu Clotilde. Secondo akishindwa, anapanda meli kwenda Ajentina. Ajentina! Huko nani atampikia polenta, ugali wetu wa mahindi? Na injini yenyewe dhaifu. Kamba imezungushwa kwenye gurudumu lake, mawe ya mizani yananing'inia; yakizidi kidogo, inazimika. Nimemwambia ina njaa hiyo. Eti, Bibi, kabureta inataka hewa ya kutosha, si petroli tu. Hewa! Nani kanenepa kwa hewa?

Jumatano, 4 Aprili
Nimepanua tundu la petroli kwa sindano ya kufumia. Moshi mweusi! Injini ikakohoa, hata jiwe moja ikashindwa. Secondo akadhani ekzosi imeziba, akaing'oa, akafunga bomba fupi na pana. Masizi yote kwenye mashuka ya Clotilde. Kaniita kizee mchawi. Nikamjibu mashuka yake nayajua, masizi yameyasitiri.

Alhamisi, 5 Aprili
Secondo kaliona tundu. Kauliza nani kaingiza chuma humu. Nikasema Clotilde. Kacheka mpaka machozi, kanibusu, katia kipande kipya chenye tundu dogo. Kwa ekzosi ile pana, injini ikabeba mawe yote! Chakula cha jana kimeshuka tumboni, ndiyo maana.

Ijumaa, 6 Aprili
Clotilde na mkwewe walipokwenda kanisani nikaingia karakana ya Evasio. Injini yake hutoa moshi mweusi siku zote. Inashiba, hatari! Nimekaza parafujo ya petroli. Nayo ionje njaa.

Jumamosi, 7 Aprili
Balaa! Ya Evasio imevuta kama maksai, haijapata kuvuta hivyo. Ikalingana na yetu jiwe kwa jiwe. Mnunuzi kakuna kichwa, kasema atanunua, ila vijana waungane: kabureta ya Evasio, ekzosi ya Secondo. Secondo haendi Ajentina! Nimelia kwenye aproni. Clotilde naye kalia. Eti ni maombi yake.

Jumapili ya Matawi
Evasio kala kwetu. Mbavu nje, kijana wa watu. Nimempakulia mara tatu. Wanaunda injini kubwa ya silinda nne. Maskini, midomo minne! Secondo katia kufuli mpya karakanani. Kumbe mtaani kuna waharibifu. Nikamwambia Evasio mimi nashinda nyumbani, ufunguo wa akiba heri ukae kwangu.
Kanipa.